UZI UNAOVUTIKA NA KIWANDA CHAKE

Nguo nyingi zinazouzwa siku hizi madukani na katika masoko ya mitumba zina uzi mmoja ndani yake ambao mwenye nguo hauoni wala hakuomba kuuziwa. Ndio uzi unaofanya soksi ishike mguu bila ya kuukaba, na suruali ya dangirizi ikunjuke magotini mtu aketipo, kisha irudie umbo lake asimamapo. Katika kibandiko kidogo kilichoshonwa upande wa ndani huandikwa elastani, au spandeksi, au Lycra. Majina hayo matatu ni ya kitu kimoja. Elastani ndilo jina litumiwalo Ulaya. Spandeksi ni la Marekani, nalo liliundwa kwa kuzipanga upya herufi za neno la Kiingereza lenye maana ya kupanuka. Na Lycra ni alama ya biashara.

Uzi huu haulimwi kama pamba au katani, wala haukatwi mgongoni mwa kondoo. Hutengenezwa kiwandani kwa dawa za kikemia, na asili ya dawa hizo, kwa sehemu kubwa, ni mafuta ya petroli, gesi ya ardhini na makaa ya mawe. Mtu akiuvuta huweza kufika urefu wake mara tano au sita, na zaidi, kabla ya kukatika. Na akiuachia hurudi karibu sawasawa na ulivyokuwa.

Kabla ya uzi huu kuwapo, kitu cha kuvutika kilikuwa mpira. Mtoto yeyote aliyekata mpira wa ndani wa baiskeli akafanya manati azijua sifa za mpira, na aibu zake pia. Ukikaa juani hupasuka, ukiingiwa na mafuta hulainika, jasho huuharibu, na baada ya miezi kadhaa hukatika siku ambayo mtu hakutazamia. Tena uzi wa mpira ni mnene, hauwezi kufanywa mwembamba kama nywele, na haukubali rangi vizuri. Wanawake wa Marekani na Ulaya wa zamani walivaa vazi la ndani la kubana kiuno na mapaja, lililojaa mpira, nalo lilikuwa zito na lenye joto kama blanketi. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoingia Malaya mwezi wa Desemba 1941, mashamba makubwa ya mpira yakashikwa na Wajapani, na wenye viwanda wakatambua jinsi ilivyo hatari kutegemea utomvu wa mti mmoja utokao mbali.

Mkemia aliyeupata uzi huu ni Joseph Shivers, aliyezaliwa mwaka 1920 katika jimbo la New Jersey, Marekani. Baada ya kuhitimu katika Chuo Kikuu cha Duke aliajiriwa mwaka 1946 na kampuni ya DuPont, ambayo kabla ya hapo ilikwisha kujipatia sifa kwa nailoni. Kazi aliyoishughulikia ilikuwa kutafuta uzi utakaoshika mahali pa mpira, nayo haikuwa kazi ya mwaka mmoja wala miwili. Mwaka 1958, katika maabara ya Benger mjini Waynesboro, jimbo la Virginia, uzi ulipatikana, ukaitwa kwanza Uzi K. Mwaka uliofuata ulitangazwa, ukapewa jina la Lycra, na mwaka 1962 kiwanda kikubwa kikaanza kuutoa mjini hapo hapo. Haki yataka Ujerumani nayo itajwe, kwa maana jamii ya dawa zinazouzaa uzi huu, iitwayo poliyurethani, ilivumbuliwa huko Leverkusen mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, na Wajerumani nao walitoa uzi wao wenyewe baadaye kidogo.

Ili kuifahamu kazi ya kiwanda, hapana budi kufahamu kwanza kwa nini uzi huvutika ukarudi. Msomaji na afikiri kamba ndefu iliyolegea, imejikunjakunja ovyo kama uzi wa kufuma uliochezewa na paka, na kila baada ya urefu fulani kamba hiyo imefungwa fundo pamoja na kamba za jirani. Ukivuta, sehemu zilizolegea hunyooka. Ukiachia, hujikunja tena. Mafundo ndiyo yazuiayo kamba zisiteleze zikapitana na kubaki huko zilikovutwa. Katani ni ngumu mwilini mwote, kwa hiyo haivutiki. Ulimbo wa kunasia ndege ni laini mtupu: huvutika, lakini haurudi. Uzi wa elastani una vyote viwili ndani ya kila mnyororo wake, sehemu ndefu laini na sehemu fupi ngumu, zikifuatana kwa zamu. Sehemu ngumu za minyororo mbalimbali hupendana na kushikana, na hayo ndiyo mafundo. Ustadi wote wa injinia ni kuhakikisha kwamba zamu hiyo haivunjiki, tangu tangi la kwanza mpaka uzi wa mwisho.

Kazi huanza kwa dawa mbili. Ya kwanza ni glikoli ndefu, kitu cheupe kama nta ambacho huyeyuka kikipata joto kidogo kupita la mchana wa Mombasa. Hiyo ndiyo itakayokuwa sehemu laini. Ya pili huitwa diisosianeti, nayo huwekwa katika matangi yenye joto la digrii 40 na kitu za Sentigredi ili isigande. Chembe ya diisosianeti ni kama mtu mwenye mikono miwili, na kila mkono una hamu kubwa ya kushika. Glikoli nayo ina ncha mbili za kushikwa. Zikichanganywa katika pipa la chuma lenye joto, na diisosianeti ikiwa nyingi kuliko glikoli, kila ncha ya glikoli hushikwa na mkono mmoja, na mkono wa pili hubaki wazi ukingoja. Mchanganyiko huo mzito si uzi bado. Ni kama unga uliokwisha kukandwa lakini haujaumuka.

Hapo ndipo adui wa kwanza wa kiwanda ajitokezapo, naye ni maji. Mikono ya diisosianeti hushika maji kwa upesi kama inavyoshika glikoli, na ikishika maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Hesabu yake yatisha kidogo: kilo moja tu ya maji yatosha kuharibu karibu kilo 14 za diisosianeti ya aina itumiwayo hapa. Tena kama tangi limefungwa, gesi hiyo haina pa kutokea, na pipa lililoingiwa na maji laweza kupasuka. Kwa hiyo kila kitu hukaushwa, na juu ya dawa katika matangi huwekwa hewa kavu ya naitrojeni ili unyevu wa anga usifike. Wasomaji wengi wamesikia habari za Bhopal, nchini India, ambako usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984 maji yaliingia katika tangi la dawa ya jamii hii ya isosianeti, na maelfu ya watu wakafa. Dawa ya Bhopal si hii ya viwanda vya uzi. Ile hupaa angani kwa wepesi sana, na hii ni nzito, haipai upesi. Lakini ni za ukoo mmoja, na injinia mwenye busara hasahau ukoo.

Hatua ya pili ni kuyeyusha mchanganyiko ule katika kiyeyushio kiitwacho dimethilasetamidi, kisha kutia dawa ya tatu, yaani diamini, ambayo nayo ina mikono miwili. Diamini huishika mikono iliyobaki wazi na kuunga vipande vifupi kuwa minyororo mirefu, na mahali pa kuunga ndipo huwa sehemu ngumu. Kazi hii hufanyika kwa upesi mno, kufumba na kufumbua, na kwa sababu hiyo dawa huwa zimepozwa na kuchanganywa kwa nguvu. Ikiwa pembe moja ya pipa itapata diamini nyingi kuliko nyingine, madonge hutokea, na madonge hayo hayayeyuki tena. Pamoja na diamini hutiwa kidogo cha dawa nyingine yenye mkono mmoja tu. Kazi yake ni kufunga ncha: mnyororo ulioshika mkono wa namna hiyo hauwezi kuendelea. Bila hiyo minyororo ingekua bila kiasi, na tangi zima lingekuwa kama utomvu uliogandamana; ikizidi, minyororo huwa mifupi na uzi hauna nguvu. Mtu aliyepika ugali kwa watu wengi ajua jinsi kiasi kidogo cha unga kinavyobadili sufuria nzima, na hapa mizani ni nyembamba zaidi ya hiyo mara nyingi.

Katika kitu hicho kinachotiririka kama asali nzito hutiwa dawa za kuzuia uzi usigeuke manjano kwa jua na moshi, na za kuukinga na klorini ya mabwawa ya kuogelea, na unga mweupe wa titani ili using'ae mno. Kisha huchujwa, kwa maana punje moja ya uchafu yatosha kuziba tundu, na huachwa katika tangi likikoroga polepole ili utulivu wake uwe sawa kote. Katika kila kilo 100 za asali hiyo, kilo 35 hivi ndizo zitakazokuwa uzi. Zilizobaki ni kiyeyushio.

Sasa uzi wazaliwa. Pampu ndogo za meno, ambazo hupima kiasi bila kukosea, husukuma asali hiyo katika bamba la chuma lenye matundu madogo sana, nayo hutoka chini kama nyuzi za tambi katika mnara mrefu. Ndani ya mnara hupulizwa naitrojeni yenye joto la zaidi ya digrii 200. Kiyeyushio hugeuka mvuke na kuondoka, na kinachobaki ni unyuzi mkavu. Naitrojeni hutumiwa badala ya hewa ya kawaida kwa sababu mvuke wa kiyeyushio ukichanganyika na hewa katika joto kama hilo waweza kulipuka. Basi vipimo vya oksijeni hutazamwa usiku na mchana, na oksijeni ikipanda mitambo hujizima yenyewe. Chini ya mnara nyuzi chache zilizo karibu hukusanywa na kuzungushwa kwa upepo wa nguvu. Kwa kuwa zingali na utelezi wa gundi, hushikamana na kuwa uzi mmoja. Ndiyo maana mtu akiutazama uzi wa elastani kwa kioo cha kukuza huona kana kwamba ni vidole vilivyounganishwa.

Gundi hiyo hiyo ni taabu baada ya hapo. Uzi ukizungushwa juu ya mrija wa karatasi ngumu bila kupakwa kitu, tabaka hushikana, na mfumaji hawezi kuufungua tena. Kwa hiyo hupakwa mafuta ya silikoni na vumbi laini la magnesi. Tena uzi usivutwe sana wakati wa kuzungushwa. Nyuzi zilizovutwa hutaka kurudi, na maelfu ya mizunguko ikitaka kurudi kwa pamoja huubonyeza mrija mpaka ukavunjika, kama ngozi mbichi ikaukavyo juu ya ngoma yenye mti dhaifu.

Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani gramu ngapi ni uzito wa mita 9,000. Uzi mwembamba wa denia 20, ambao hutumiwa katika soksi ndefu za wanawake, kilo moja yake ina urefu wa kilomita 450, karibu sawa na barabara ya kutoka Nairobi mpaka Mombasa. Mtu aweza kuibeba njia hiyo yote mkononi kwa mrija mmoja au miwili.

Kiyeyushio kilichopaa hakitupwi. Kwa kila kilo 35 za uzi kuna kilo 65 zake za kurudishwa, na kiwanda ambacho kingeziachilia angani kingefilisika kabla ya mwaka kwisha, licha ya madhara kwa majirani. Mvuke hupozwa ukawa maji, kisha huchemshwa na kutenganishwa katika minara mingine, na viwanda vizuri hurudisha karibu chote. Lakini kiyeyushio kilichorudishwa lazima kipimwe kabla ya kutumiwa tena. Kikiwa na unyevu, yule adui wa kwanza amerudi kwa mlango wa nyuma. Tena kikichemshwa vibaya pamoja na maji huvunjika na kutoa dawa yenye mkono mmoja, ambayo hufunga ncha za minyororo bila kuamriwa. Na uzi wa wiki ijayo utakuwa dhaifu kwa kosa la mnara wa wiki hii. Mainjinia wageni mara nyingi huhangaika na mashine za kusokota, na ugonjwa uko katika minara ya kuchemshia.

Kiwanda cha namna hii hakifungwi Jumamosi jioni kikafunguliwa Jumatatu. Asali ile ikisimama katika mabomba yenye joto huganda, na kusafisha mabomba yaliyoganda ni kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo watu hufanya kazi kwa zamu, na stima ikikatika kuna injini za akiba za kuendesha pampu. Siku hizi kompyuta huangalia joto, msukumo na mwendo wa uzi, ambao hupita mita mia kadhaa kwa dakika, na mikono ya mashine huondoa mirija iliyojaa. Lakini unyuzi ukikatika ndani ya mnara, mtu ndiye aendaye kufungua, kupangusa bamba na kuupitisha upya.

Mtu huyo ndiye atakiwaye kufikiriwa kuliko mashine. Kiyeyushio kile hupenya ngozi bila kuwasha wala kuchoma, na hivyo mfanyakazi haonywi na mwili wake. Kikiingia mwilini hudhuru ini. Huko Korea Kusini madaktari waliwachunguza wafanyakazi wapya wa viwanda vya elastani mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakakuta baadhi yao wameugua ini kwa sababu yake, na wengi wa wagonjwa walikuwa katika miezi yao ya kwanza ya kazi. Jambo hilo lina mafundisho makubwa kwa msimamizi yeyote: mgeni ndiye wa kupimwa damu mapema, wala asingojewe mpaka mwisho wa mwaka. Mkojo nao hupimwa, kwa kuwa huonyesha kiasi kilichoingia mwilini hata kama hewa ya chumba imeonekana safi. Glavu nyembamba za kawaida hazifai, kwa maana kiyeyushio huzipita. Zatakiwa za mpira wa butaili. Diisosianeti nayo ikivutwa puani yaweza kumpa mtu ugonjwa wa pumu, na aliyekwisha kuupata kwa njia hiyo huweza kushikwa tena kwa kiasi kidogo sana, hata ikambidi kuacha kazi hiyo kabisa.

Maji machafu ni habari nyingine, na mji ule ule wa Waynesboro wajua gharama yake. Kosa halikuwa la uzi unaovutika. Kati ya mwaka 1929 na 1950 kiwanda cha DuPont kilitumia zebaki katika kutengeneza uzi wa namna nyingine, uitwao asetati, na zebaki ikavuja katika mto South River. Hakuna aliyejua mpaka miaka ya 1970, ilipoonekana katika udongo wa kiwanda na katika samaki, na wavuvi wakaonywa wasile walichovua. Mwaka 2016, miaka 66 baada ya zebaki kuachwa kutumiwa, yalitangazwa makubaliano ya dola milioni 50 hivi kwa ajili ya kuurekebisha mto na nchi iliyo kando yake.

Biashara yenyewe imegeuka mara nyingi. Kiwanda kilijengwa kwa ajili ya vazi la kubana kiuno, na haikupita miaka kumi wanawake wakaanza kuliacha vazi hilo. Uzi uliponea kwa waogeleaji, wacheza dansi na wanamichezo, na baadaye kwa suruali za kila mtu. Mwaka 2004 DuPont iliuza biashara yake ya nyuzi kwa kampuni ya Koch, na mwaka 2019 Lycra ikanunuliwa na kampuni ya Ruyi ya Uchina. Sehemu kubwa ya elastani ya dunia sasa hutoka Uchina, na Hyosung ya Korea Kusini ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa. Viwanda vya nguo vya Athi River, ambavyo vilipata nguvu baada ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000, vimekuwa vikishona suruali kwa vitambaa vya nje ambavyo vingi vina uzi huu ndani.

Katika kitambaa elastani haiwi peke yake. Mara nyingi huvikwa pamba au nailoni, na suruali huwa na sehemu 2 mpaka 5 tu katika 100. Vazi la kuogelea laweza kuwa na 20. Fundi cherehani ashonaye kitambaa cha kufuma chenye uzi huu na atumie sindano yenye ncha ya mviringo, kwa maana sindano kali huutoboa na kuukata, na mshono wa kupindapinda wafaa kuliko ulionyooka, ambao hukatika nguo ivutwapo. Pasi ya makaa iliyowaka sana huua uzi huu hata kama pamba haikuungua, na dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe huula polepole. Nguo ianikwe kivulini.

Shida iliyobaki ni asili ya dawa na mwisho wa nguo. Kwa kuwa uzi huu umechanganyika na mwingine, ni vigumu kuutenga ili nguo kuukuu ifanywe uzi mpya. Katika asili kumekuwa na hatua. Glikoli laini hutokana na dawa iitwayo butanidioli, iliyokuwa ikitengenezwa kwa petroli, gesi au makaa ya mawe. Na mwaka 2025 kilifunguliwa kiwanda huko Eddyville, jimbo la Iowa, Marekani, ambacho huipata kwa kuchachusha sukari ya mahindi, na kampuni ya Lycra ni mmoja wa wanunuzi wake.